Damu ya Mwatima

“Moto na maji, Bi Kazija! Mwanangu akimuoa binti yako hamalizi mwaka!”

Bi Mize alikuwa hajavua hata buibui. Aliingia nyumba ya watu, pale Malindi, bila ya hodi ya kueleweka, akajitupa kwenye kiti na kuanza kujipepea. Bi Kazija, aliyekuwa akichambua mchele, akauweka ungo chini.

“Pumua kwanza, Bi Mize. Nikupe maji?”

“Maji ndiyo yaliyoniponza! Nyota ya Mmanga maji, ya Mwanakheir moto. Na mwalimu kasema moto wenyewe umepanda juu. Mke nyota yake ikipanda juu ya ya mumewe, mume huzikwa kijana. Mie mtoto nnaye mmoja tu, simtoi sadaka.”

Ndiyo ilivyokuwa desturi mjini Unguja miaka ile ya hamsini. Posa ikishakubaliwa, mwalimu wa nyota hupelekewa jina la kijana na la mama aliyemzaa, na jina la msichana na la mama aliyemzaa. Huhesabu herufi zao, kisha akasema nani moto, nani maji, nani udongo, nani upepo. Baba haulizwi. Baba, walisema wazee, ni wa kusadikiwa, lakini mama hana shaka. Na jina la mama wa Mwanakheir alilitoa Bi Kazija mwenyewe, kwa ulimi wake.

Bi Kazija akauinamia mchele wake tena, lakini hakuokota hata chuya moja.

Mwanakheir aliyasikia yote kutoka ngazini. Alikuwa ametoka kusomesha, skuli ya wasichana, na chaki bado imo vidoleni. Akateremka na kusimama mbele ya mkwe wake mtarajiwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” akajibu Bi Mize huku akiutazama ukuta, kana kwamba akimtazama msichana usoni ataungua.

Mara Mmanga naye akaingia, jasho linamtiririka, amemkimbilia mamake kutoka Vuga.

“Mama, nlikwambia uningoje!”

Mmanga alikuwa kijana mzuri, msafi, mwenye kalamu mfukoni. Kosa lake lilikuwa moja. Alikwenda chuo cha ualimu bara akasomeshwa elimu ya nafsi, na tangu arudi hakuna mtu Malindi aliyebaki bila ya kuwekwa fungu lake. Muuza kahawa alikuwa mtu wa nje. Muadhini alikuwa mtu wa ndani. Paka wa Bi Kazija tu ndiye aliyesalimika.

“Haya ya moto na maji yalianza kwa Wayunani,” akasema alipokwisha kukaa. “Wao walisema mwilini mwa mtu mna maji manne: damu, balghamu, safura ambayo ni nyongo, na sauda, nyongo nyeusi. Ukizidiwa na safura una hasira, ukizidiwa na balghamu mpole. Na matabibu wetu wakapokea hivyo hivyo. Lakini elimu imekwenda mbele, mama.”

“Imekwenda wapi?”

“Siku hizi swali ni jengine. Je, mtu ni hulka aliyozaliwa nayo, au ni malezi aliyopewa? Mimi niko upande wa malezi. Mtoto ni unga tu. Anayeukanda ndiye anayeufanya mkate. Mtazame Mwanakheir! Kalelewa na Bi Kazija, mtu taratibu, na yeye katoka mtaratibu. Sasa nyota inaingia wapi hapo?”

Mwanakheir akamgeukia.

“Mimi mtaratibu?”

“Kwani si mtaratibu?”

“Nnajizuia tu, Mmanga. Ndani nnawaka. Siku nyengine nikiwa darasani natamani nitoke mbio mpaka Mbweni na kurudi, bila sababu yoyote.”

“Si huo moto!” Bi Mize akaruka kitini. “Kaukiri kwa kinywa chake!”

“Mama!”

“Basi nendeni mkaoane huko huko kwa Wayunani. Hapa Unguja radhi zangu hamna.”

Hapo elimu yote ikamwishia Mmanga. Kijana anaweza kubishana na Wayunani mpaka kuche, lakini radhi ya mama si mchezo. Akamtazama Mwanakheir kwa macho ya mtu aliyeshikwa mguu, kisha akamfuata mamake.

Mwanakheir hakukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Alimpenda Mmanga tangu siku ile walipokutana kwenye mkutano wa walimu, yeye akamkosoa mbele ya watu na Mmanga akacheka badala ya kununa. Hakuna mwanamume mwengine aliyemtaka, na sasa anamkosa kwa hesabu ya herufi.

“Mwanangu, tulia basi,” akasema Bi Kazija. “Unanitia kizunguzungu.”

“Nitulie vipi, mama? Nimenyang'anywa mume na hata sijui nimefanya nini!”

“Hujafanya kitu. Nimefanya mie.”

Mwanakheir akasimama.

“Jina nlilolitoa kwa mwalimu,” Bi Kazija akasema polepole, “si la mamako.”

“Si lako?”

“Ndilo langu. Ndiyo maana nnakwambia si la mamako.”

Paka akapita katikati yao, hakuna aliyemtazama.

“Mie sikukuzaa, Mwanakheir. Babako alinioa hujaanza hata kutambaa. Alikuwa anakaa shamba, Bwejuu, na mkewe kamwacha na wewe mchanga. Tukahamia mjini, hapa mtaani hakuna aliyejua. Toka siku ile naitwa mama Mwanakheir. Mwalimu aliponiuliza jina la mama, ulimi ulitangulia.”

“Na huyo mwengine? Yu hai?”

“Yu hai. Mwatima jina lake. Yuko Bwejuu, anasokota kamba za makumbi ya nazi.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Kila mwaka nlisema mwakani.”

Mwanakheir akacheka, kicheko kikubwa kisicho na furaha, kikamtisha mwenyewe.

“Nnakwenda kwa mwalimu sasa hivi,” Bi Kazija akasema, machozi yanamdondoka na yeye hayafuti. “Nnampelekea jina la haki. Huenda nyota zikapatana. Mie nitakukosa, lakini wewe utaolewa.”

“Hunikosi, mama.”

Alilisema, na alilikusudia. Lakini macho yake yalikuwa kwengine, na Bi Kazija aliona.

Asubuhi ya pili vigelegele viliingia kabla ya mwenyewe.

“Udongo na maji!” Bi Mize alikuwa akipiga makofi tangu mlangoni. “Mwalimu kaniita mwenyewe, kasema jina la mama lilikosewa, kahesabu upya. Shamba na mvua! Watoto watajaa nyumba! Bi Kazija, kumbe wewe mlezi tu, mbona hukusema? Na huyo Mwatima ni Mwatima gani?”

“Wa Bwejuu,” Bi Kazija akajibu.

Kigelegele kilichokuwa njiani kikarudi tumboni.

Kwao Bi Mize ni Paje, na Paje na Bwejuu ni pua na mdomo.

“Mwatima… yule alowaacha waume wawili? Yule alomwacha mtoto mchanga kitandani akenda zake?”

“Huyo huyo.”

“Na mtoto mwenyewe ndiye huyu?”

Bi Mize akakaa. Mwanamke wa watu alikuwa na mtihani mgumu kweli siku ile. Nyota zinamwambia ndiyo, damu inamwambia hapana, na vyote viwili anavisadiki.

“Mtoto wa nyoka ni nyoka,” akanong'ona mwishoni, akaondoka bila ya kuaga.

Mchana Mabrouk, mwenye duka la kona, akapaza sauti mtaa mzima.

“Mwanakheir! Simu! Mchumba wako!”

Simu ya Mabrouk ilikuwa juu ya gunia la karafuu, na kila aliyekuja kununua kibiriti alipata na habari za watu. Mwanakheir akajitanda ushungi na kushika mkono wa simu.

“Naam.”

“Mwanakheir? Nnapiga kutoka ofisi ya skuli. Mama kanieleza.”

“Kuhusu nyota au kuhusu Mwatima?”

Mteja mmoja akaacha kabisa kuhesabu vitunguu vyake.

“Nitakuja alasiri,” Mmanga akasema. “Nnataka tuzungumze taratibu.”

“Sauti yako imebadilika.”

“Hapana. Laini mbaya hii.”

Laini haikuwa na ubaya wowote.

Alasiri akaja. Bi Kazija aliwawekea kahawa na kukaa kizingitini na ushoni wake, kama inavyotakiwa. Mmanga alikoroga kahawa isiyo na sukari.

“Nimefikiri sana,” akaanza. “Tuakhirishe kidogo.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nikujue vizuri. Nikutazame kidogo.”

“Unitazame nini? Mimi ni saa mbovu?”

“Usinielewe vibaya. Wako wataalamu wanaosema mtu huzaliwa na hulka yake, na hulka hurithiwa. Na nikikumbuka, mambo mengi… Kutotulia kwako. Ile hamu ya kukimbia mpaka Mbweni. Kicheko chako. Yote yanaeleweka sasa.”

“Jana ulisema mimi mtaratibu.”

“Jana nlikuwa sijui.”

“Hukujua nini? Mimi nimebadilika toka jana? Nimeota mkia?”

“Imejulikana asili yako!”

“Jana ulisema mtoto ni unga. Ukanisifu mpaka nkaona haya. Leo umesikia jina moja tu na vitabu vyako vyote vimegeuka. Mamako kaamini nyota, wewe umeamini damu. Tofauti yenu iko wapi? Mamako angalau mwalimu wake anahesabu!”

“Sikiliza, mimi nnajilinda tu. Sitaki niamke siku moja nikute nyumba tupu na mtoto analia!”

“Na mimi je, nijilinde na babako?”

Mmanga akakiacha kijiko. Mzee Hasan, babake Mmanga, Mungu amrehemu, mji mzima ulimjua kwa hasira zake. Alikuwa akivunja vyombo, akatoa talaka kwa chai iliyopoa. Mmanga alijisifu siku zote kwamba yeye hajapata kupandisha sauti, na kwamba skuli ndiyo iliyomtengeneza.

“Wewe kwako ni malezi,” Mwanakheir akasema. “Kwangu mimi ni damu. Umegawa vizuri!”

“Mwache baba yangu!”

Ngumi yake ikapiga meza. Kikombe kikaruka, kikavunjika sakafuni, na kahawa ikatapakaa mpaka miguuni mwa Bi Kazija.

Wote watatu wakakitazama kikombe.

“Haya,” Mwanakheir akasema kwa sauti ndogo. “Sasa nikuite nani? Mwalimu Mmanga, au mwana wa Hasan?”

Mmanga akainama kuokota vipande, akavipanga juu ya meza kimoja kimoja, akatoka. Na mimi ninayesimulia nasema alistahili kutoka hivyo hivyo, kichwa chini.

Usiku ule Mwanakheir hakupata usingizi, na kulipokucha alikuwa ameshavaa.

“Unakwenda wapi?” Bi Kazija akamuuliza.

“Bwejuu. Kama nimerithi kitu, nataka nikione.”

“Basi ngoja nichukue buibui langu. Huendi peke yako.”

Wakapanda gari la shamba. Njia nzima mkono wa Bi Kazija ulikuwa juu ya goti la Mwanakheir, na kila gari liliporuka aliukaza.

Walimkuta Bi Mwatima pwani, maji yametoka, yuko pamoja na wanawake wenziwe wanafukua makumbi waliyoyafukia topeni na kuyapiga kwa gongo ili wapate nyuzi za kamba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono yake imepauka kwa chumvi. Akawaona, akashusha gongo.

“Kazija. Umezeeka.”

“Na wewe.”

“Na huyu?”

“Huyu ndiye.”

Hakumkumbatia. Akajifuta mikono kwa kanga, akajifuta tena, akajifuta tena ingawa ilikwisha kukauka.

“Umekuja kunisalimu au kunilaani?”

“Sijui,” Mwanakheir akasema. “Nlikuwa nshayapanga maneno garini, yote yamenikimbia.”

“Basi kaa kitako.”

Wakakaa mchangani watatu. Mwanakheir hakuzunguka.

“Wanasema wewe ni mtu wa kuondoka. Wanasema ndiyo hulka yako, na kwamba na mimi nnayo. Posa yangu imesimama kwa ajili hiyo.”

Bi Mwatima akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha kichwa nyuma, na Mwanakheir akageuka haraka kumtazama, kwa sababu kicheko kile alikijua. Kilikuwa chake.

“Hulka! Nikwambie hulka yangu. Mume wa kwanza akinipiga. Nkamkimbia, hata mbuzi angekimbia. Babako hakunigusa. Babako alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze pema. Lakini nlipokuzaa wewe nliharibika. Silali. Sili. Nnalia kutwa kucha. Wakasema shetani, wakanipunga, wapi! Ikafika hadi ukilia nnakutazama nnaogopa. Sikukuogopa wewe. Nliuogopa mkono wangu huu.”

Akaunyoosha mkono wenyewe, wakautazama.

“Nkamwambia babako, nipe talaka yangu na mtafutie mtoto mwanamke mwenye akili zake. Akalia. Akanipa. Akamleta huyu.”

“Hukumwambia mtu kwa nini?”

“Nani angenisikia? Mara ya kwanza nlimkimbia mtu, mara ya pili nlijikimbia nafsi yangu. Mambo mawili yasiyojuana hata kidogo. Watu wakayafunga kamba moja, wakasema hiyo ndiyo tabia ya Mwatima.”

Mwanakheir akachukua nyuzi za makumbi na kuanza kuzisokota, hajui anafanya nini.

“Kwa hivyo mimi nimefanana na nani?”

“Waniuliza mie? Mie sijakulea. Pua ya babako hiyo. Kukaa kwako hivyo, miguu umeikunja, ndivyo anavyokaa Kazija, mtazame. Mengine sijui umeyatoa wapi. Labda yako mwenyewe.”

“Na nikizaa, na mimi nikaharibika kama wewe?”

Swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani, na hakulijua mpaka lilipotoka. Bi Mwatima hakucheka tena.

“Huenda. Huenda isiwe. Mie si mwalimu wa nyota. Lakini ukijiona hivyo, sema. Piga kelele. Mie nlinyamaza mpaka nkashindwa.”

Bi Kazija, aliyekuwa kimya muda wote, akajipangusa pua.

“Miaka yote nlikuwa nikiiogopa siku hii, Mwatima. Nkisema akikujua tu, ataniacha arudi kwako.”

“Arudi wapi? Aje kupiga makumbi? Hata gongo hajui kulishika!”

Wakacheka wote watatu, Bi Kazija huku analia. Jua lilipopinda wakaagana, na safari hii Bi Mwatima alimshika Mwanakheir kichwa kwa mikono miwili, akamwachilia upesi.

Waliporudi mjini walimkuta Mmanga anawangoja barazani kwao, Malindi. Kanzu imekunjana na kalamu haimo mfukoni.

“Shikamoo, Bi Kazija.”

“Marahaba. Vikombe vyangu nshavificha.”

Mmanga akainama. Bi Kazija akaingia ndani, akauacha mlango wazi na yeye mwenyewe akasimama nyuma yake, maana desturi ni desturi.

“Nlipiga meza,” Mmanga akasema.

“Nliona.”

“Nimekaa nikijiuliza ni damu ya baba au ni mimi. Vitabu nimevifungua vyote. Kimoja kinasema hulka, kimoja malezi, kimoja kinauliza kama mtu ana hiari hata kidogo, au anaendeshwa tu kama punda wa gari. Sikupata jawabu. Lakini nimeona kitu. Nikisema ni damu ya baba, nitapiga meza tena na tena, na kila siku nitakuwa na wa kumsingizia. Baba keshakufa. Aliyepiga ni mimi. Nisamehe.”

Mwanakheir alitaka kukasirika zaidi kidogo, lakini moyo haukumpa. Alimpenda, na sasa alimpenda kwa sababu nyengine.

“Na Mwatima?”

“Nlimhukumu mwanamke nisiyemjua, kisha nkakuhukumu wewe ninayekujua. Nimeona haya, Mwanakheir. Wallahi nimeona haya.”

“Kicheko changu ni chake. Nimekisikia.”

“Kicheko nlikipenda kabla sijajua ni cha nani.”

Nyuma ya mlango mtu akakohoa.

“Mamako je?”

“Nimemwambia nitakuoa wewe au sioi. Kalia, kaninunia usiku kucha. Asubuhi kasema, madhali nyota zimepatana, basi damu ataisomea dua.” Mmanga akasogea kidogo. “Ila mimi bado roho haijatulia. Niambie tu kwamba hutaniacha.”

“Siwezi kukwambia mimi ni mtu wa namna gani, Mmanga. Leo nimetoka kuuliza, na hata aliyenizaa hajui. Nnaloweza kukwambia ni nitakachofanya. Nikichoka, nitakwambia. Nikiogopa, nitakwambia. Sitaondoka kimya kimya.”

“Na nikipiga meza tena?”

“Ukipiga tena nitaondoka mchana kweupe, na sitamsingizia Mwatima.”

Mmanga akacheka. Mwanakheir naye akacheka, kile kicheko, na mtaa mzima ukakisikia.

Siku ya nikaha nyumba ilijaa mpaka juu ya dari. Wanaume walikuwa chini na kadhi, madirisha wazi kwa joto. Juu, wanawake walimzunguka bibi harusi aliyejifunika shuka ya kijani. Bi Mwatima aliwasili kutoka Bwejuu na kanga mpya iliyokuwa bado ngumu kwa wanga, akasimama mlangoni hajui akae wapi, na hakuna aliyemkaribisha mpaka Bi Kazija alipomvuta mkono na kumkalisha. Mmoja kulia kwa Mwanakheir, mmoja kushoto. Bi Mize alikaa mbele yao na chetezo cha udi, akiwatazama wote wawili kwa zamu.

Ami yake Mwanakheir, Mzee Mkubwa, ndiye aliyekuwa walii. Akapanda ngazi na mashahidi wawili, wakasimama nyuma ya pazia kumuuliza mwari ridhaa yake. Kwa kawaida mwari hajibu. Hujiinamia akalia, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Anayejibu kwa mdomo husemwa hana haya.

“Mwanakheir binti Ame,” Mzee Mkubwa akasema, “umenipa ruhusa nikuoze kwa Mmanga bin Hasan?”

Kimya.

“Kanyamaza,” akasema shahidi mmoja. “Alhamdulillahi, karidhia. Twendeni zetu.”

Viatu vikaanza kugeuka.

“Ami, ngoja,” ikatoka sauti chini ya shuka. “Sijakujibu.”

Chumba kizima kikaganda. Chetezo kikamponyoka Bi Mize, kidogo kichome mkeka.

“Lahaula! Nlisema mie! Damu ya Mwatima hiyo!”

Chini nako kukanyamaza, kwa sababu madirisha yalikuwa wazi na maneno yalishuka kama yalivyo. Mmanga, aliyekuwa keshanyoosha mkono kumpa kadhi, akaurudisha magotini. Wanaume wakamtazama. Hakuinuka, alitazama juu tu.

“Basi jibu, mwanangu,” Mzee Mkubwa akasema.

Mwanakheir akaitoa shuka usoni. Bi Kazija akataka kuirudisha, Bi Mwatima akamshika mkono.

“Nimekubali,” Mwanakheir akasema, kwa sauti ya mwalimu aliyezoea kusikika mpaka nyuma ya darasa. “Sikunyamaza. Nimekubali mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, na aliye chini asikie.”

Aliye chini akasikia. Akacheka peke yake mbele ya kadhi, akaunyoosha mkono tena.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Bi Mwatima. Cha pili kilikuwa cha Bi Kazija. Bi Mize akawatazama, akamtazama mkwewe asiye na haya aliyekaa wima katikati yao, akaona hakuna anayemngoja, akavuta pumzi na kupiga chake.